Msafara wa Darasa la Saba

Juma lililopita mwenzangu wa chumba hapa hosteli alishikwa na mafua, akachemsha majani ya mkaratusi kwenye jiko la umeme tusiloruhusiwa kuwa nalo. Mvuke ulipoanza kupanda nikafunga daftari. Nilikaa kitandani nikicheka peke yangu mpaka akaniuliza kama na mimi naanza kuumwa. Nikamwambia hapana, nimekumbuka nyumbani, Isevya. Yeye ni wa Mtwara, Tabora hajawahi kufika, lakini alikuwa darasa la saba mwaka uleule niliokuwa mimi, kwa hiyo sikuhitaji kumweleza sana. Sisi wa rika hili tukisikia mkaratusi, limau na tangawizi vimechemka pamoja, kila mmoja anajua amerudishwa wapi, na kila mmoja ana blanketi alilofunikwa.

Blanketi langu mimi lilikuwa la Bibi, mama yake Baba, ambaye tuliishi naye. Mama aliweka chungu cha nyungu uani, akatuinamisha mimi na Bibi juu yake, akatufunika gubigubi. Sharti lake lilikuwa kwamba tutatoka Bibi akimaliza kusali. Sasa, Bibi yangu alikuwa Mmoravian wa kweli, na sala yake haikuwa na haraka. Aliwaombea ndugu wa Isikizya, akaenda kwa wa Urambo, akafika Kaliua alikokuwa Baba, akarudi kwa majirani nyumba kwa nyumba, na mimi humo ndani naiva kama kiazi. Nikimfinya mguu, anaongeza mtu mwingine. Tukifunuliwa tulitoka tumelowa, macho mekundu, Bibi akicheka bila sauti, mabega yakimtikisika. Hivyo ndivyo ninavyoukumbuka kwanza ugonjwa ule uliofunga shule, kwa kicheko cha Bibi, ingawa mwanzo wake haukuwa wa kuchekesha.

Habari ya kufungwa kwa shule ilitukuta jioni, redio ikiwa dirishani na Mama akiwa kwenye cherehani. Msomaji alisema shule zote zimefungwa kwa muda. Nje nikasikia watoto wa jirani wakishangilia. Mimi sikushangilia. Maneno yale nilikuwa nayajua. Zamani Baba alifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya karanga, na siku moja, nikiwa bado sijaanza shule, alirudi mchana na kumwambia Mama kwamba kiwanda kimefungwa kwa muda. Tukasubiri. Baada ya kitambo malori yakaja yakapakia mashine. Majani yakaota mpaka mlangoni, popo wakahamia darini, na Baba akaenda Kaliua kununua na kuuza mpunga, akawa anarudi kwa treni mara mojamoja. Hakuna aliyewahi kutangaza kwamba kiwanda kimekufa. Kilibaki hivyohivyo, kimefungwa kwa muda. Kwa hiyo katika akili yangu ya utoto, "kwa muda" ilikuwa namna ya heshima ambayo watu wazima huitumia wanapotaka kusema "milele".

Sikumwambia mtu. Niliona ndiyo adabu yenyewe, kwamba wakubwa wanajua, wanatuficha ili tusilie, nami nikijua natakiwa ninyamaze kama wao. Mama akisema mtihani wa la saba upo palepale, nilimwonea huruma. Vipindi vya masomo vya redioni nilivisikiliza kama mtu anayesikiliza wimbo wa marehemu. Tumbo likaanza kuniuma kila asubuhi, wakati uleule ambao kengele ya shule ingekuwa inalia. Usingizi ukawa wa kuvizia. Nilitafuna kucha zikaisha, nikahamia kwenye ngozi. Mama alinipeleka zahanati, nikapewa dawa ya minyoo. Minyoo kama ilikuwapo ilikufa, na tumbo likaendelea kuuma.

Ndipo akaja Mwalimu Zuhura. Huyu alikuwa mwalimu wetu wa darasa, mwanamke mrefu, mwembamba, aliyezaliwa palepale mjini katika moja ya familia za zamani za Kiislamu. Alikuwa na baiskeli yenye kikapu mbele, na ushungi wake ukipigwa na upepo ulimfuata nyuma kama bendera. Shuleni tulimwogopa kidogo kwa sababu alikuwa na kumbukumbu mbaya sana, yaani hasahau. Nilipomwona anaegesha baiskeli getini kwetu nilidhani amekuja kugawa mazoezi. Hakuwa na karatasi hata moja. Alimwamkia Bibi shikamoo, akaitikiwa marahaba, akanawa mikono kwenye ndoo ya koki, akakaa mbali nasi kwenye kigoda na kuniangalia vidole.

"Unalala, Nyamizi?" akaniuliza.

"Nalala, Mwalimu."

"Hasemi kweli," Bibi akasema kutoka jikoni, wala hakutoka nje kuongeza neno.

Mwalimu hakunisuta. Alikaa kidogo, akazungumza na Mama habari za barakoa, akaenda zake. Baadaye nilikuja kujua kwamba siku ile alipita nyumba zote za wanafunzi wake wa Isevya. Kwa kina Masanja, mvulana aliyekuwa mcheshi kuliko wote darasani, alikuta Masanja anapigana na wadogo zake kutwa nzima. Kwa mjomba wake Spesioza, rafiki yangu ambaye wazazi wake walikuwa wakulima Ulyankulu, alimkuta Spesioza kitandani saa nne ya asubuhi, uso umeelekea ukutani. Mwingine alikuwa ananawa mikono mpaka imepasuka. Siku hizi watu wana majina ya mambo hayo, wanasema msongo wa mawazo, na wana semina zake. Mwalimu Zuhura hakuyapa jina. Alimwambia Mama kwamba wanafunzi wake wamekwama kama gari kwenye tope, na gari lililokwama halihubiriwi, linasukumwa.

Siku chache baadaye alirudi na kamba. Ilikuwa kamba ndefu ya katani aliyoazima kwa kaka yake anayesafirisha mbao, na kila baada ya hatua kadhaa ameifunga fundo. Alikwenda nayo kwa mwenyekiti wa mtaa. Mzee yule alikuwa na hofu ya mikusanyiko na alikuwa na haki, kwa hiyo Mwalimu hakubishana naye. Alimwomba mtu mmoja ashike ncha, akainyoosha barabarani, kisha akamkaribisha mwenyekiti atembee kutoka fundo hadi fundo ajionee umbali. Mwenyekiti akatembea taratibu, mikono nyuma, kama anayekagua gwaride. Alipofika mwisho akasema kwamba hata sokoni watu hawakai mbali hivyo. Wazazi nao wakakubali, wengine kwa shingo upande, na Mama akatushonea barakoa za vitenge vya kila rangi kutoka kwenye mabaki yake.

Asubuhi ya kwanza tulisimama kila mtu kwenye fundo lake, tukitazamana kwa aibu kama wageni. Mwalimu alisimama mbele na baiskeli yake. Alitwambia kwamba njia tunayoikanyaga ni ya zamani kuliko mji wenyewe, kwamba misafara kutoka pwani ilipita hapa na kupumzika Kwihara kabla ya kuendelea kuelekea ziwani. Nasi tutakwenda Kwihara, akasema, ila si leo. Leo tutaishia relini, kesho mbele kidogo, keshokutwa mbele zaidi, mpaka miguu izoee. Masanja akauliza kwa nini Kwihara, hakuna kitu kule.

"Hatujui shule itafunguliwa lini," Mwalimu akasema. "Lakini Kwihara tunajua iko wapi."

Sidhani kama nililielewa neno lile, ila mwili wangu ulilielewa. Ilikuwa mara ya kwanza tangu jioni ile ya redio mtu mzima kukubali mbele yangu kwamba kuna jambo halijui. Tukatembea. Mvua za masika zilikuwa zinaaga, majani marefu yamelowa umande, vichuguu vyekundu vimesimama kando ya njia kama wazee wanaosubiri kuamkiwa, na Masanja kweli akaviamkia kimoja kimoja, shikamoo, shikamoo, akijijibu mwenyewe marahaba kwa sauti nzito. Nikamsikia Spesioza nyuma yangu akicheka ndani ya barakoa. Ukiivuta kamba kidogo, aliye mbele anajua upo. Akikuvuta nawe, unajua hajakusahau. Tulifika relini tukakaa kila mtu na fundo lake, tukala mahindi ya kuchemsha, tukarudi. Siku ile nilipitiwa na usingizi mchana kweupe, kwenye mkeka, na Mama akazima redio ili nisiamke.

Tuliendelea hivyo, tukiongeza mwendo kila tulipotoka. Bibi alikuwa hajui lolote kuhusu kamba. Tangu maradhi yaanze alikuwa hatoki nje ya ua wetu wa nyuma, akikaa na sisi wa nyumbani tu, maana tuliambiwa wazee ndio wa kulindwa, na alilichukua jambo hilo kwa uzito hata kanisani hakwenda. Alijua tu kwamba Mwalimu hututembeza. Lakini asubuhi moja njia yetu ya kawaida ilikuwa imejaa tope, Mwalimu akatupitisha nyuma ya nyumba yetu, na Bibi alikuwa pale uani akikata bamia.

Alisimama. Alitutazama tukija mmoja mmoja, mikono kwenye kamba, kimya kwa sababu njia ilikuwa inateleza na kila mtu aliangalia miguu yake. Niliinua mkono kumpungia, hakuniona. Alivuka ua, akaja mpaka baina yangu na Spesioza, akaishika kamba na kuikata kwa kile kisu cha bamia. Katani ni ngumu, hakuikata mara moja. Aliikereza polepole huku sote tumeganda.

Mwalimu Zuhura alilaza baiskeli chini akaja. "Shikamoo, Bibi," akasema. "Kamba ni safi. Naifua kwa sabuni kila siku na kuianika juani."

"Sijasema ni chafu," Bibi akajibu. "Watoto hawapiti njia hii wameshikishwa kamba. Si mbele ya macho yangu."

Akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Sisi tulielewa kitu kimoja tu. Tulijua kuna wazee wanaoona visivyoonekana, na kwetu ilikuwa wazi kwamba Bibi ameviona vijidudu vikitembea kwenye kamba kutoka mkono hadi mkono, kama siafu. Tuliiachia kamba kwa pamoja. Masanja alikimbilia ndoo ya koki akanawa mpaka viwiko. Mimi nilisimama na vidole vyangu vilivyotafunwa nimevinyoosha mbali na mwili, nikingoja kufa, na lililoniuma zaidi ni kwamba Bibi alikuwa amenitazama bila kunijua.

Mwalimu aliwarudisha wenzangu makwao, kisha akarudi kwetu. Mimi nilikuwa nimeshafika kwetu, kwa hiyo nilibaki, na niliona kitu ambacho sikutarajia kukiona kwa mwalimu. Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akasubiri. Hakubisha hodi, hakujitetea kwa Mama. Jua lilimfuata pale, akahamisha goti, akaendelea kusubiri. Mwishowe mlango ukafunguka na Bibi akatoka na kikombe cha uji, akamkabidhi, akakaa kwenye kigoda chake ng'ambo ya ua. Nilikaa nyuma ya mtungi, nao wakaniacha.

Bibi alisimulia kidogo kidogo. Alisema kwamba alipokuwa mdogo alilelewa na bibi yake aliyeitwa Kalunde, na Kalunde hakuwa Mnyamwezi. Jina lile alipewa hapahapa. Alitoka mbali, ng'ambo ya ziwa, akiwa msichana wa umri wangu, na alikuja kwa miguu kwenye msafara, amefungwa kamba na waliokuwa mbele yake na waliokuwa nyuma yake. Tabora aliugua, akaachwa, watu wakamwokota, akapona, akaolewa. Aliishi mpaka uzee. Alikuwa mchangamfu, akipenda ngoma, lakini ndani ya nyumba yake hakukuwa na kamba. Mbuzi wake hawakufungwa. Kuni alizibeba kwa kuzipanga kwenye kikapu. Na hakuna aliyemwuliza sababu, maana kila mtu aliijua.

"Nikawaona watoto wanakuja," Bibi akasema, "kimya, vichwa chini. Na wa kwangu yumo."

Mwalimu Zuhura alikiweka kikombe chini. Kisha akasema jambo ambalo nimelifikiria sana tangu nimekuwa mtu mzima. Alisema wazee wake walikuja Tabora na misafara kutoka pwani. Hajui walifanya kazi gani, nyumbani kwao jambo hilo halizungumzwi. Akasema huenda wao ndio walioshika ncha ya mbele ya kamba ile.

Bibi hakumkatalia ili kumfariji. "Huenda," akasema. "Na babu yangu mwingine alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu za haohao kwa ujira wake, akaenda pwani na kurudi, na alijisifia mpaka siku ya kufa. Sote ni wa njia hii, mayu. Mimi sijakukataza njia. Nimekataa kamba."

Alimwita mayu, neno la Kinyamwezi la kumwita mama, ambalo Bibi aliwaitia wanawake na wasichana aliowapenda. Nilipolisikia nikajua hatutakufa. Nilitoka nyuma ya mtungi, nikaenda kukaa karibu na miguu ya Bibi, naye akaweka mkono juu ya kichwa changu bila kuniangalia, kama mtu anayehakikisha kitu kiko mahali pake.

Halafu Bibi akauliza shida ya Mwalimu ni ipi hasa. Mwalimu akamweleza kwamba watoto wakiachwa watasongamana, na wakisongamana mwenyekiti atawazuia. Bibi akafikiri, akasema kwamba msafara wa babu yake ulikuwa mrefu, majani yalikuwa marefu, na aliye mbele hakumwona aliye nyuma kwa siku nzima. Hata hivyo hawakupotezana. Walikuwa wanaimba. Wa mbele anauliza, wa nyuma yake anajibu na kupokeza, hivyo hivyo mpaka mwisho wa mstari, na wimbo usipofika mwisho wanajua kuna mtu ametua mzigo wake njiani na hakuinuka, wanarudi kumfuata. Akaanza kuuimba kwa Kinyamwezi, kipande hiki anakikumbuka, kile amekisahau. Mwalimu akawa anaokota maneno na kuyageuza Kiswahili, Mama naye akasimamisha cherehani akaja kusikiliza, na kabla uji haujaisha ua wetu ulikuwa na wanawake watatu wanaimba kwa zamu na kucheka kila walipokosea.

Tangu hapo tulitembea kwa wimbo. Mbele kuna nini? Kuna maji. Nyuma kuna nani? Niko mimi Masanja. Mbele kuna nini? Kuna karanga. Nyuma kuna nani? Niko mimi Spesioza. Ukikaribia mno, wimbo unaharibika, unamkanyaga mwenzako neno. Ukibaki nyuma mno, huusikii. Kwa hiyo kila mtu alijipima mwenyewe kwa sikio, na umbali ukakaa vizuri kuliko ulivyokaa kwa mafundo. Wakulima waliokuwa wanang'oa karanga mashambani walinyooka kututazama, na baada ya siku kadhaa wao nao wakawa wanajibu, mbele kuna nini, kuna jembe, njooni mshike. Wengine walituwekea karanga mbichi kando ya njia, juu ya jani la mgomba, wakarudi nyuma tuzichukue.

Tulipopumzika, Mwalimu alitutaka tutue mizigo kama wapagazi. Hakuwa na maana ya vikapu. Kila aliyetaka angesema kitu kinachomlemea, na wengine tusimcheke wala tusimpe ushauri, tusikilize tu. Mwanzoni tulisema uongo. Kisha Masanja akasema anaogopa amesahau kugawanya, kwa kuwa alijaribu hesabu moja usiku ikamshinda, na ndiyo maana anawapiga wadogo zake wakimwuliza maswali. Spesioza akasema kila simu ya mjomba wake ikilia anadhani ni habari ya msiba kutoka Ulyankulu. Baada ya kusema akaomba karanga. Tulishangaa jinsi alivyozila.

Mimi nilichelewa. Siku niliyosema, niliusema mzigo wangu wote kwa pumzi moja. Nilisema shule haitafunguliwa, najua, wasiwe wanatufichaficha, kiwanda cha Baba nacho kilifungwa kwa muda na sasa kina popo. Wenzangu walinitazama kama mtu aliyetukana. Nilimgeukia Mwalimu nikitegemea atakana kwa haraka kama wakubwa wote, na nadhani kama angekana nisingemwamini maisha yangu yote. Hakukana. Aliniuliza kiwanda kilipofungwa kilifanywaje. Nikamwambia malori yalikuja yakabeba mashine.

Kesho yake alinipakia nyuma ya baiskeli akanipeleka shuleni. Mlinzi alitufungulia geti. Majani yalikuwa yameota uwanjani, ndiyo, na nilipoyaona nikasimama. Mwalimu hakusimama hapo. Alinipeleka mpaka darasani kwetu, akafungua mlango, akasogea kando.

"Hesabu mashine," akasema.

Madawati yote yalikuwapo. Yalikuwa na vumbi, moja limeegemea jingine palepale tulipoliacha, na kwenye langu kulikuwa na ganda la karanga nililolisahau. Meza yake ilikuwapo. Ubao ulikuwapo, ramani ya Afrika ilikuwapo ukutani na pembe yake moja imejikunja. Nilipita katikati ya madawati nikiyagusa. Sijui niligusa mangapi. Hakuna lori lililokuja. Nililia kidogo, halafu nikaomba fagio. Tukafagia darasa lote, mimi na Mwalimu wangu, barakoa usoni, vumbi likipanda kwenye mwanga wa dirisha, na yeye akaanza wimbo, nami nikamjibu kutoka upande wa pili wa chumba. Tumbo halikuniuma tena.

Siku ya kwenda Kwihara ilipowadia, jua lilikuwa la kiangazi na njia imekauka. Tulipokusanyika nje ya nyumba yetu, Bibi akatoka amevaa kitenge chake cha kanisani, viatu vya kufunga na barakoa ya rangi ya kijani, akasema anakuja. Mama akamkumbusha habari ya wazee kulindwa. Bibi akasema atakaa nyuma kabisa, mbali na pumzi ya kila mtu, na kwamba ameombea watu wote wa Tabora, sasa anataka kuwaona. Mwalimu akampa kiti cha nyuma cha baiskeli, Bibi akajifunika kitenge kingine kichwani na usoni, akaketi ubavu, miguu upande mmoja, na Mwalimu, siku ile akiwa mwisho wa mstari, akaisukuma kwa mkono njia nzima, akiinama mbele na Bibi akigeuza uso pembeni. Kwa hiyo wimbo ulipofika mwisho wa mstari, aliyejibu alikuwa Bibi. Mwanzoni alijibu kwa adabu. Tulipoliacha nyuma eneo la nyumba nyingi alikuwa anajibu kwa jina lake la usichana, na kuongeza jina la baba yake, na vigelegele juu yake, na wakulima walioko mbali walipiga vigelegele kurudisha.

Kwihara, kama Masanja alivyosema, hapakuwa na kitu kikubwa. Nyumba, mashamba, jengo moja la kale ambalo siku ile lilikuwa limefungwa. Lakini tulikuwa tumefika kwa miguu yetu, na sijawahi kufika popote tena namna ile. Tulikaa mbalimbali kwenye kivuli tukala karanga za kuchemsha na viazi. Bibi alizunguka peke yake kidogo, akaitazama ile njia inakotokea, upande wa magharibi kwenye ziwa. Nilitaka kumfuata, Mwalimu akanishika bega. Aliporudi uso wake ulikuwa mkavu na mtulivu, akaomba viazi.

Hapo ndipo kijana mmoja wa bodaboda akapita, akasimama kutuuliza kama tumesikia. Imetangazwa. Shule zinafunguliwa.

Wenzangu waliruka. Masanja alijitupa chini akagaagaa. Nami, niliyekuwa nimeshazika shule na kuifanyia matanga yake, nilikaa na kiazi mkononi nikiwaza, kisha nikamwuliza Mwalimu, "Kwa hiyo kesho hatutembei?"

Mwalimu Zuhura aliniangalia. Alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini mavumbini na ushungi wake mzuri, akifuta macho kwa mgongo wa mkono.

Shule zilifunguliwa kweli. Tulinawa getini, tukakaa kwa kuachana, tukasoma hadi jioni kufidia. Masanja aligundua hajasahau kugawanya. Mtihani tuliufanya, tukafaulu wengi wetu, tukatawanyika kila mtu na njia yake. Lakini kabla ya hayo, Jumamosi ya kwanza baada ya kufunguliwa, mimi na Spesioza tulikubaliana kimyakimya kutembea kidogo, mpaka relini tu, kukumbuka siku zile. Masanja akasikia akaja, na wengine wakamfuata, hakuna aliyeitwa. Tulipozunguka nyuma ya nyumba yetu tukamkuta Bibi amekaa kwenye kigoda uani, viatu vimefungwa, kitenge kimekazwa kiunoni, akiitazama njia.

"Mmechelewa," akasema, akainuka.